Dubai mwishoni mwa Juni na mama mwenye presha: mpange safari kwa saa za jua

*"Tuko Mwanza. Mwishoni mwa Juni, watoto wakiwa likizo, tunataka kwenda Dubai siku tano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa miaka 6 na 11, na mama yangu wa miaka 68. Mama ana presha, anameza amlodipine na hydrochlorothiazide, na magoti yakimzidi hutumia tramadol aliyoandikiwa hospitali. Ana hamu kubwa ya kupanda Burj Khalifa na kununua bangili ya dhahabu. Wakala ametupatia hoteli ya dirham 300 kwa usiku, bei ambayo anasema Desemba hatuipati. Mdogo wangu anasema joto si tatizo, sisi ni watu wa nchi ya joto na kule kila mahali kuna kiyoyozi. Shangazi anasema bila dola elfu tano tusijisumbue, na kwamba mama na mke wangu lazima wavae buibui. Tumsikilize nani?"*

Ndugu yangu, safari hii inawezekana, na hamu ya mama kuona jengo hilo akiwa na nguvu zake ni jambo la kuheshimiwa. Mdogo wako amekosea kuhusu joto. Shangazi amekosea kuhusu buibui, lakini kuhusu pesa hayuko mbali na ukweli kama unavyodhani. Wote wawili hawakugusa jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni tramadol. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kuikatisha safari pale pale uwanja wa ndege.

Katika Falme za Kiarabu, tramadol ni dawa inayodhibitiwa. Vivyo hivyo diazepam na dawa zenye codeine, zikiwemo baadhi ya dawa za maji za kifua. Sheria yao inaangalia kilichomo kwenye mkoba. Kwamba aliyebeba ni mama mzima mwenye maumivu ya magoti hakumwondolei kosa. Ipo njia halali: kabla ya safari mnaomba kibali mtandaoni kwa mamlaka ya afya ya huko, mkiambatisha cheti cha dawa, maelezo ya daktari na nakala ya pasipoti, kisha mnasafiri na kibali hicho pamoja na dawa ikiwa kwenye boksi lake la asili. Kibali kisipopatikana, dawa ibaki nyumbani. Vidonge vitatu vilivyosahaulika kwenye pochi ni kosa sawa na boksi zima, kwa hiyo pochi na mifuko ya koti ya mama ikaguliwe kabla ya kufunga mizigo.

Ushauri wangu ni kumwomba daktari wake dawa nyingine ya magoti kwa siku hizo tano, ili msihitaji kibali chochote. Hapo kuna mtego mwingine. Watu wengi wakikosa tramadol hukimbilia diclofenac au ibuprofen, zinazouzwa kila duka la dawa. Dawa hizo huweza kupandisha presha, na zikikutana na hydrochlorothiazide kwa mtu aliyepungukiwa maji, figo ndizo zinazoumia. Msijichagulie dukani. Daktari anayemjua mama ndiye aamue.

Amlodipine na hydrochlorothiazide hazina shida mpakani. Zikae kwenye maboksi yake, pamoja na nakala ya cheti, ndani ya begi la mkononi, na ziwe za siku kumi ingawa mnakaa tano. Na kwa kuwa tumefika kwenye mizigo: miraa, kwa jina lolote, ni dawa ya kulevya kule. Msibebe kifurushi cha mtu "akipokee jamaa yangu Deira", mtaa wa biashara wa Dubai, hata akiapa kwamba ni majani ya chai.

Sasa joto. Mnatoka Mwanza mwezi wa Juni, wakati mchana ni wa nyuzi 28 hivi na usiku watu wanajifunika shuka. Mtashuka Dubai ambako mchana wa mwisho wa Juni unakaribia nyuzi 40, na usiku wa manane bado ni 28 au zaidi. Hilo peke yake mtu angelivumilia. Ugumu unaletwa na unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho likitoka tu halipozi kitu. Linapoza linapokauka na kuondoka na joto la ngozi. Dubai iko ukingoni mwa bahari yenye kina kifupi ambayo kiangazi maji yake hupita nyuzi 30, na hewa inayotoka juu ya bahari hiyo imeshiba mvuke. Jasho halikauki, linatiririka tu. Mtu analoa na joto linabaki mwilini. Na alfajiri, ambayo sisi tumezoea kuiona ndiyo saa ya ubaridi, kule mara nyingi ndiyo yenye unyevu mwingi kuliko mchana. Jua halijachoma, lakini hewa ni nzito. Kwa hiyo kuwa "watu wa joto" kunasaidia kidogo sana.

Kwa mama kuna sababu za ziada, na naomba mzielewe vizuri. Hydrochlorothiazide huifanya figo itoe chumvi na maji. Hiyo ndiyo kazi yake. Amlodipine hutanua mishipa ya damu. Joto nalo hutanua mishipa na kutoa maji kwa jasho. Vitu vitatu vinavuta upande mmoja, na matokeo yake ni presha kushuka ghafla, hasa anaposimama baada ya kukaa muda mrefu. Kizunguzungu hicho ndicho huwaangusha wazee kwenye ngazi za vituo. Basi wiki mbili au tatu kabla ya safari mpelekeni kwa daktari wake, mwelezeni anakwenda kwenye nyuzi 40, apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, na damu ipimwe figo na chumvi. Daktari anaweza kurekebisha kipimo cha dawa au akaacha kama kilivyo. Yeye mwenyewe asiache dawa kwa hiari yake kwa kusikia maneno haya. Mwulizeni pia kiasi cha maji anachoruhusiwa kwa siku, kwa kuwa wapo wenye moyo dhaifu ambao maji mengi huwadhuru.

Kuhusu kiyoyozi, ni kweli kwamba hoteli, maduka makubwa, treni za metro, teksi na hata baadhi ya vituo vya basi vinapozwa. Kinachowachosha watu ni kile kipande cha katikati. Jiji limejengwa kwa magari. Kwenye ramani ya simu hoteli yako inaonekana iko mita 200 kutoka kituo, kumbe kati yenu kuna Sheikh Zayed Road yenye njia zaidi ya kumi za magari. Huwezi kuivuka kwa miguu. Unatafuta daraja la kituo cha metro, na zile mita 200 zinakuwa kilomita nzima juani. Kuvuka mahali pasiporuhusiwa kuna faini ya kuanzia dirham 400. Kabla ya kulipia hoteli, fungua ramani, chagua njia ya miguu na usome dakika hadi kituo cha karibu. Zikizidi tano, tafuta nyingine.

Nije kwenye swali ambalo hukuuliza: kwa nini si Desemba? Nusu ya kwanza ya Desemba, baada ya sikukuu yao ya taifa ya tarehe 2 na 3, watoto wenu wamefunga shule, mchana ni nyuzi 25 au 26, na mama anaweza kutembea kando ya Creek, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, saa nne asubuhi bila kutokwa jasho. Hoteli ni ghali zaidi, hilo wakala amesema kweli, ingawa bei inayotisha ni ile ya kuanzia tarehe 20 hadi mwaka mpya. Juni ina hasara nyingine ambayo mawakala hawaisemi: Miracle Garden, ile bustani ya maua ambayo kila mtu anaweka picha zake, pamoja na Global Village, ule uwanja wa maonyesho ya mataifa, hufungwa kiangazi. Kama watoto wameahidiwa hizo, Juni hazipo. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kwa ajili ya mzee wa miaka 68, ningechagua Desemba na kupunguza siku kutoka tano hadi nne ili bajeti ibaki pale pale.

Ikiwa likizo yako kazini ni ya Juni tu, basi nendeni, lakini mpange kila siku kwa kufuata saa za jua. Waajiri wa kule hukatazwa kisheria kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Marufuku yenu iwe pana kuliko hiyo. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mama na watoto wawe ndani ya jengo. Asubuhi toka saa kumi na mbili hadi saa mbili u nusu ni ya ufukwe au kutazama majahazi yakipakiwa Deira. Mchana ni wa kulala na wa maduka makubwa. Jua linazama saa moja na robo jioni, na hapo ndipo jiji linapofunguka. Wenyeji wenyewe hutoka na watoto wao hadi saa tano usiku. Watoto wenu nao wabadilishiwe ratiba: usingizi wa mchana uwe wa lazima.

Mkiwa nje, kila mtu anywe glasi moja ya maji kila nusu saa bila kungoja kiu (mama kwa kiasi alichopewa na daktari). Mbebeeni mama sweta au kashida nzito, kwa kuwa ndani ya maduka na metro ni baridi kweli, na kutoka nyuzi 22 kwenda 40 mara kumi kwa siku kunachosha kuliko joto lenyewe. Miwani na kioo cha kamera vitafunga ukungu mkitoka nje. Subirini dakika chache vipate joto, msisugue. Jambo moja dogo la bafuni: matenki ya maji ya majengo mengi yako juani, kwa hiyo kiangazi bomba la "maji baridi" hutoa maji ya moto. Fungua kwanza, pima kwa mkono, ndipo mtoto aingie.

Hoteli ya dirham 300

Mwulize wakala maswali mawili. La kwanza, hiyo 300 ni ya chumba kimoja? Chumba cha kawaida hupokea watu wazima wawili na watoto wawili, na nyinyi mna watu wazima watatu. Mtahitaji vyumba viwili, au apatimenti ya hoteli yenye vyumba vya kulala na jiko. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipendelea kwa familia yenye mzee, kwa sababu mama atakula uji wake kwa wakati wake na dawa zitamezwa kwa wakati.

La pili, bei ni pamoja na makato? Juu ya bei ya chumba huongezwa asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa na asilimia 5 ya VAT, kisha kuna ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa kila chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli. Vyumba viwili vya 300 kwa usiku tano ni 3,000. Ukiongeza makato na ada ya dirham 10 ya hoteli ya nyota tatu, unafika karibu 3,780. Ada ya utalii mara nyingi hudaiwa mezani mnapofika hata kama mmeshalipa mtandaoni. Wataomba na dhamana kwenye kadi, ambayo hurudi baada ya siku kadhaa, pengine wiki. Ziacheni fedha hizo nje ya hesabu ya matumizi.

Mahali: Deira au Bur Dubai, jirani na kituo cha Union, Al Rigga, Baniyas Square au BurJuman. Hoteli za mitaa ya ufukweni ya Marina na Palm zinapendeza, lakini chakula cha dirham 15 au 20 kwa sahani, biriani, samaki, chapati na maharage, kiko Deira. Na Deira Kiswahili hamtakikosa. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Mombasa wamelizoea eneo hilo kwa miaka mingi.

Kuzunguka

Metro ilianza tarehe 9 Septemba 2009 na ina njia mbili, nyekundu na kijani, zinazokutana Union na BurJuman. Njia nyekundu inapita Terminal 1 na Terminal 3 za uwanja wa ndege. Terminal 2 haina kituo mlangoni, kwa hiyo angalieni tiketi yenu inashukia wapi. Kila abiria anahitaji kadi yake ya Nol, ndiyo ya kulipia nauli. Msipitishe watu wawili kwa kadi moja. Kadi ya kawaida, ile ya rangi ya fedha (Silver), ni dirham 25, na 19 kati ya hizo ni salio la safari. Nauli ni 3, 5 au 7.5 kutegemea kanda mnazovuka. Mtoto aliye chini ya miaka mitano husafiri bure, lakini wenu wote wamepita umri huo. Kula, kunywa na hata kutafuna bigijii ndani ya metro ni faini ya dirham 100, kwa hiyo maji yanywewe kabla ya kuingia langoni. Lipo behewa la wanawake na watoto, limeandikwa na kuchorwa sakafuni. Wewe na abiria wengine wanaume mkiingia humo mnatozwa faini. Treni hufanya kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa Jumapili zinapoanza saa mbili asubuhi.

Sasa pigeni hesabu kama familia. Watu watano kwa nauli ya 5 ni dirham 25 kwenda tu. Teksi kwa mwendo mfupi haizidi sana hapo, na inawashusha mlangoni. Shida ni kwamba teksi ya kawaida hubeba abiria wanne. Omba gari kubwa kwenye programu ya Careem, au uwanjani simama kwenye foleni ya teksi za familia. Kutoka uwanjani mita huanza na dirham 25; mjini huanza chini ya hapo. Njiani kuna mageti ya tozo ya Salik yanayoongezwa kwenye mita, hivyo dereva akikuongezea dirham 4 au 6 kwa kila geti hajakuibia. Kwa safari ndefu kama Deira hadi Burj Khalifa, metro. Kwa kurudi usiku mama akiwa amechoka, teksi.

Msikose abra, zile boti za mbao zinazovuka Creek kati ya Deira na Bur Dubai. Ni dirham moja kwa mtu, fedha taslimu, dakika chache. Pandeni baada ya machweo. Kwa mtu wa Mwanza aliyekulia kwenye mitumbwi na feri itamkumbusha nyumbani, na kwangu hiyo dirham moja ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote mjini humo.

Burj Khalifa na jangwa

Jengo lina urefu wa mita 828 na lilifunguliwa Januari 2010. Tiketi ya kawaida inawapeleka ghorofa ya 124 na 125. Ya 148 ni ghali mno kwa tofauti ndogo. Bei hupanda saa za machweo, na tiketi hukatwa mapema mtandaoni kwa saa maalumu. Tatizo la Juni ni vumbi na mvuke: mchana upeo wa macho huwa mweupe na picha hutoka kama zimefunikwa maziwa. Chagueni saa ya usiku, taa zikiwa zimewaka, ndipo mama ataona kitu. Kutoka kituo cha metro hadi Dubai Mall kuna daraja lililofunikwa lenye kiyoyozi, urefu wa mita 800 hivi. Lina njia zinazojiendesha zenyewe, lakini magoti ya mama yatalisikia. Kwake teksi hadi mlangoni ni bora. Foleni za kuingilia ni ndefu, ombeni kiti cha magurudumu mapema bila kuona haya.

Bajeti ikibana, Dubai Frame kwenye bustani ya Zabeel ni karibu dirham 50 kwa mtu mzima na 20 kwa mtoto. Ina mita 150, na kutoka juu unaona mji wa kale upande mmoja na minara upande wa pili. Kwa watoto inatosha kabisa. Chemchemi zilizo chini ya Burj Khalifa hucheza jioni na kutazama kutoka ukingoni ni bure. Angalieni ratiba ya wiki yenu.

Jangwani, zile picha za magari yakiruka juu ya matuta ya mchanga ni mchezo halisi. Dereva hupunguza upepo wa tairi karibu nusu ili tairi litanuke na kuelea juu ya mchanga, kisha hupanda tuta kwa kasi na kushuka ubavu. Uti wa mgongo unapigwa kila gari linapotua. Mama asipande, wala mjamzito, wala mwenye moyo mbaya. Mwambieni mwendeshaji kabla ya kulipa kwamba mzee atapelekwa kambini moja kwa moja kwa barabara. Makampuni mengi hukubali. Mkeo au wewe mwende naye, mmoja abaki na watoto garini wakiwa wamefunga mikanda. Pikipiki za magurudumu manne hulipiwa mbali na si za mtoto wa miaka 6. Kwa mwezi wa Juni, kama lazima mchague jambo moja la kuliacha, acheni jangwa.

Bangili ya mama

Soko la dhahabu liko Deira, mwendo mfupi kutoka kituo cha Al Ras au cha Gold Souq. Nendeni baada ya saa kumi na moja jioni, na si Ijumaa kabla ya alasiri, maduka mengi huwa yamefungwa.

Bei ya bangili ina sehemu mbili, na anayezichanganya ndiye anayepunjwa. Kuna bei ya dhahabu kwa gramu, hutangazwa kila siku kwa kila karati na iko sawa duka hadi duka, hiyo haipunguzwi. Kisha kuna ujira wa sonara, na huo ndio wa kupatana. Bangili iliyochongwa kwa mashine ina ujira mdogo, yenye nakshi ya mkono ina mkubwa. Kwa hiyo usiulize "bei gani?" Uliza mambo matatu kwa mfuatano: gramu ngapi, karati ngapi, ujira kiasi gani kwa gramu. Piteni maduka matatu na kuandika ujira tu, ndipo mrudi kwenye nafuu. Mhuri wa 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kama bangili ina mawe, uzito wa mawe uandikwe peke yake kwenye risiti. Vinginevyo mtalipia vioo kwa bei ya dhahabu. Watakaowafuata barabarani na kunong'ona kuhusu saa na mikoba ya bei poa, pitieni mbali.

VAT ya asilimia 5 hurejeshwa kwa watalii wakinunua kuanzia dirham 250 kwenye duka lililosajiliwa. Mnapolipa, toeni pasipoti na muombe risiti ya marejesho. Uwanjani, nendeni kwanza kwenye dawati la marejesho bidhaa ikiwa mkononi, *kabla* ya kukabidhi mabegi. Begi likishaondoka, hakuna cha kukaguliwa na fedha imepotea. Mnarudishiwa asilimia 85 ya kodi, ikitolewa ada ya dirham 4.80. Kwa bangili ya dirham 4,000 kodi ni 200, mtapata 165.20. Risiti hiyo hiyo itunzeni kwa ajili ya forodha ya nyumbani na bidhaa mwitangaze.

Mavazi, simu, visa

Buibui si sharti. Mabega na magoti yakifunikwa, mama na mkeo wako salama popote, na vitenge vyao vitapendwa. Msikitini ndipo pa kujifunika nywele na mikono. Msipige picha za watu bila ruhusa, hasa wanawake, na matusi ya WhatsApp kule ni kesi.

Simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Waambieni waliobaki nyumbani ili wasishtuke. Adapta ya umeme haihitajiki, soketi zao ni za pini tatu za bapa kama zetu.

Visa ya utalii ya siku 30 huombwa kabla, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, pasipoti zikiwa na angalau miezi sita. Mkishapewa, hakikisheni namba zake kwenye tovuti ya uhamiaji wao badala ya kuamini karatasi. Kuzidisha muda ni dirham 50 kwa siku kwa kila mtu. Mtu yeyote akimwambia mkeo au ndugu kwamba kwa visa hiyo atapata kazi, anamtia kwenye matatizo.

Pesa za shangazi

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa 3.67. Duka likikupa 3.50 unajua papo hapo limekata kiasi gani. Badilishaneni Deira, si uwanjani, na mashine ya kadi ikiuliza sarafu chagueni dirham. Kwa makadirio yangu: vyumba 3,780, chakula 1,000, usafiri 500, Burj Khalifa kwa watu watano karibu 850, Frame 190. Hiyo ni dirham 6,300 hivi, yaani dola 1,700 na ushee. Mkienda jangwani ongezeni dola 200. Bima ya afya ya safari inayotaja wazi presha ya mama ni ya lazima, kwa kuwa hospitali binafsi huomba malipo kwanza. Mkijumlisha tiketi tano za ndege na visa tano, zile elfu tano za shangazi hazitakuwa mbali, kabla ya bangili.

Mama akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu, mwingizeni ndani, alale miguu ikiwa juu, mlowesheni shingo na makwapa, anywe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpelekeni hospitali. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, au ngozi ikiwa ya moto na hajitambui vizuri, msimpe kitu mdomoni. Pigeni 998 kwa gari la wagonjwa na mwendelee kummwagia maji na kumpepea hadi lifike. Polisi ni 999. Andikeni namba hizo, majina ya dawa zake, na anwani ya hoteli kwenye kadi moja aivae shingoni ndani ya nguo.